Ati "kitu cha bure hakina mwenyewe"?

Swali: Wakili, salaam. Mimi ni mtengenezaji wa programu, naishi Kasarani. Mwaka juzi kampuni moja ya hapa mjini ilinipa kibarua cha miezi saba niwatengenezee mfumo wa hesabu za sacco. Nilichukua ERPNext, programu iliyo wazi mtandaoni ya kuendeshea hesabu za biashara, nikaongeza moduli zangu za mikopo, gawio na wadhamini, kisha nikaondoa nembo na majina ya wenyewe ili mfumo uonekane wa kampuni. Awamu mbili za malipo walinilipa. Ya tatu, shilingi 180,000, mpaka leo sijaiona. Sasa nasikia wameuza mfumo huo kwa sacco tano, na kila sacco imetia sahihi mkataba unaokataza kunakili au kuufungua mfumo. Jina langu nalo limefutwa kwenye faili zote. Nilipolalamika, mkurugenzi alinijibu: "Wewe mwenyewe uliokota kitu cha bure mtandaoni. Kitu cha bure hakina mwenyewe." Je, naweza kuwashtaki kwa kuvunja leseni? Na kwa jinsi kampuni kubwa za huko nje zinavyofanya, kuna haja ya mtu kama mimi kuendelea kuiacha kazi yake wazi?

Jibu: Ndugu yangu, mkurugenzi wako amekosea, na wewe pia kuna mahali umekosea. La kukuudhi zaidi ni kwamba kosa lake huenda si wewe wa kulipeleka mahakamani. Nivumilie nikueleze polepole, maana anayeanza na hasira humaliza na bili ya wakili, na mimi ndiye ninayeziandika hizo bili.

Tuanze na hiyo kauli yake. Waingereza walijitia matatani kwa kutumia neno moja, "free", kwa mambo mawili, la kutolipa na la kuwa huru. Ndiyo maana Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU wa programu huria mwaka 1983, ametumia nusu ya maisha yake kueleza watu kwamba yeye anazungumzia uhuru, bei haimhusu. Sisi tuna bure na tuna huria, maneno mawili yaliyotengana kabisa, na bado tunayachanganya. Programu huria ina mwenyewe. Ina hakimiliki kama kitabu chochote kilichoko dukani. Tofauti ni kwamba mwenyewe ametangulia kutoa ruhusa, na ruhusa hiyo ameifunga kwa masharti.

Chukua mfano wa mwenye kisima anayeachia watu wa mtaa wachote. Kijana wa mkokoteni akijaza mitungi ishirini akaenda kuiuza Kayole, hana kosa, anauza jasho lake la kuvuta na kusukuma. Lakini pale kisimani pana ubao: aliyechota hapa naye asimzuie mwingine, na ubao huu usiondolewe. Siku kijana anapong'oa ubao na kutia kisima kufuli, ruhusa imekwisha, na sasa ni mtu aliyeingia kiwanja cha wenyewe. Kuuza kwa sacco tano hakuvunji leseni. Wangeweza kuuza kwa sacco mia tano, kwa bei yoyote, na wala wasikupe hata soda. Watu wengi wanaoniandikia wanadhani fedha ndiyo kosa. Kosa, kama lipo, liko kwenye kufuli na kwenye ubao.

ERPNext hutengenezwa na Frappe, kampuni ya Mumbai, India, na iko chini ya leseni ya GPL toleo la 3, lililotolewa mwaka 2007. Kiunzi kilichoko chini yake, ambacho nacho kinaitwa Frappe, kiko chini ya leseni ya MIT. Tofauti hiyo usiipuuze. MIT ni karatasi fupi ambayo kwa kweli inataka jambo moja tu: tangazo la hakimiliki na maneno ya ruhusa yabaki kwenye kila nakala. Moduli uliyoijenga juu ya kiunzi peke yake, bila kugusa ERPNext, ungeweza kuifunga na kuiuza ukitaka. Lakini moduli zako za mikopo, kwa jinsi ulivyoniandikia, zinaingilia leja ya ERPNext yenyewe, zinarithi faili zake, na nyingine ni faili zake ulizozihariri. Hapo mimi sioni namna ya kukwepa GPL. Anayempa mtu mwingine mfumo wa namna hiyo lazima ampe pia msimbo wake wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, au njia ya kuupata, ampe na nakala ya leseni, na asimwekee vizuizi vya ziada. (Nasema msimbo kwa sababu wenzangu wakisema "kodi" akili yangu inakwenda kwa KRA na kwa mwenye nyumba.) Ule mkataba wa "ni marufuku kunakili au kufungua" ndicho kizuizi cha ziada chenyewe.

Sasa kuna swali ambalo barua yako haikulijibu, na linaweza kuuangusha mjadala mzima: mfumo uko wapi? Kama kampuni imeusimika kwenye seva zilizoko ofisini kwa kila sacco, basi imewapa nakala na masharti yote yanaamka. Kama mfumo unakaa kwenye seva ya kampuni, na karani wa sacco anafungua kivinjari na kuingia kwa nenosiri, basi kwa macho ya GPL hakuna aliyepewa nakala ya mfumo. Wanatumia huduma. GPL toleo la 3 haimdai anayetoa huduma kwa mtindo huo amwonyeshe mtumiaji msimbo. Leseni inayoziba pengo hilo ni nduguye, AGPL, iliyotoka mwaka huohuo wa 2007. Inasema kwamba hata anayeutumia mfumo kupitia mtandao tu ana haki ya kupata msimbo wake. ERPNext haiko chini ya AGPL. Kwa hiyo kabla hujamwandikia mtu yeyote, tafuta rafiki katika mojawapo ya sacco hizo, umuulize seva iko chumba gani. Kama hajui hata kama wana seva, jibu unalo.

Tuje kwako. Unaniambia uliondoa nembo na majina ya wenyewe ili mfumo uonekane wa kampuni, kisha unalalamika kwamba jina lako nalo limefutwa. Sitasema zaidi ya hapo. Ila kisheria lazima tutenganishe vitu viwili. Kuondoa nembo ya ERPNext kwenye ukurasa wa kuingilia si dhambi. Nembo ni alama ya biashara, na mara nyingi wenye alama ndio wanaotaka uiondoe ukishabadilisha bidhaa yao. Lakini ile mistari iliyoko juu ya kila faili, inayosema nani ana hakimiliki na leseni ni ipi, hiyo haiguswi. GPL inataka ibaki kama ilivyo, na inataka mfumo uoneshe wazi kwamba umeubadilisha, na lini. Ukiifuta halafu ukamkabidhi mtu mfumo, wewe ndiye mvunjaji wa kwanza katika mnyororo huu. Kampuni ikipata wakili mwerevu, hilo ndilo litakuwa jambo la kwanza kulitaja, na utasimama pale mahakama ya Milimani ukieleza kwa nini masharti yawabane wao kabla yako.

Habari njema ni kwamba toleo la 3 lina huruma. Aliyevunja kwa mara ya kwanza, akaarifiwa na mwenye hakimiliki na akarekebisha ndani ya siku 30, ruhusa yake hurudi. Toleo la 2, ambalo ndilo la kiini cha Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, halina kifungu hicho. Huko ruhusa ikikatika imekatika.

Sasa tufike mahali ambapo nadhani umepotoshwa na video za YouTube. Kule Marekani mtu aliyeagizwa kuandika programu, asiye mwajiriwa, kwa kawaida hubaki na hakimiliki mpaka aitoe kwa maandishi. Ukiwasikiliza vijana wa kule utadhani ni hivyo dunia nzima. Hapa kwetu kuna kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kinaanza vizuri, kwamba hakimiliki ni ya mtunzi, kisha kinageuka. Kazi ikiwa imeagizwa na mtu, au imefanywa na mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Programu za kompyuta nazo zimehesabiwa humo kama kazi za maandishi. Wewe uliagizwa. Kwa hiyo, bila makubaliano ya kupunguza hilo, moduli zako za mikopo, gawio na wadhamini ni zao. Na usitegemee ile awamu ya tatu ambayo hawajalipa. Kifungu hakikusema "baada ya kumaliza kulipa". Hayo yangekuwa maneno ya kuwekwa kwenye mkataba, na ningependa sana kuuona mkataba wako kama upo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Rudi kwenye barua pepe na WhatsApp za mwezi ule wa kwanza. Ukikuta mahali mkurugenzi ameandika "sawa, moduli ni zako, sisi tunataka kutumia tu", chapisha, weka kwenye bahasha, uje tuzungumze upya.

Kuna kitu kimoja ambacho kifungu cha 31 hakichukui. Kifungu kinachofuata, cha 32, kinampa mtunzi haki ya kudai kwamba kazi ni yake hata baada ya hakimiliki kuhama. Kufutwa kwa jina lako kunaingia hapo. Haitakuletea mamilioni, lakini ni haki yako mwenyewe, hukuiazima kwa watu wa Mumbai.

Basi nani anaweza kuishtaki kampuni kwa kuvunja GPL? Frappe wanaweza, kwa ile sehemu waliyoiandika wao. Kenya imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo hakimiliki ya Mhindi inalindwa hapa kama ya Mkenya. Na kuna upande mwingine ambao watu husahau: sacco zenyewe. Haki ya kupewa msimbo ni ya aliyepokea programu. Wewe si mpokeaji, wewe ndiye mpeleka. Wale wanachama wanaokatwa mishahara kila mwezi kulipia mfumo ambao hawaruhusiwi kuufungua, wao ndio wenye karata. Kama kweli seva ziko kwao, katibu wa sacco akiandika barua ya mistari mitano kudai msimbo chini ya GPL, itaitikisa kampuni kuliko barua zako kumi.

Utauliza, mahakama zimewahi kulitambua jambo hili? Zimewahi, na kesi niipendayo kuliko zote inahusu treni za kuchezea. Robert Jacobsen, profesa wa fizikia huko Berkeley, aliongoza mradi wa programu huria ya kuendesha reli ndogo za nyumbani, zile za watu wazima wanaopenda vitoto vya treni. Mfanyabiashara mmoja wa sekta hiyo, Katzer, akamdai malipo ya hataza (haki ya mvumbuzi), na baadaye ikabainika kwamba kampuni yake yeye ilikuwa imechukua faili za mradi wa Jacobsen bila kutaja zilikotoka. Mahakama ya chini ikasema hapo labda kuna mkataba umevunjwa, hakimiliki haihusiki. Mahakama ya rufaa ikalikataa hilo mwaka 2008: masharti ya leseni ya programu huria ni masharti ya ruhusa yenyewe, na anayeyakiuka anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Walisuluhishana mwaka 2010, Katzer akakubali kulipa dola 100,000. Hoja kwamba kisicholipiwa hakina thamani ya kulindwa ilizikwa kule na treni za kuchezea, na ninamtakia mkurugenzi wako aisome hukumu hiyo siku moja akiwa kwenye foleni ya Thika Road.

Sina maana kwamba mahakama ya Nairobi inafungwa na hukumu ya Marekani. Haifungwi. Lakini mawakili wetu huzitumia kushawishi, na jaji asiyekuwa na kesi ya hapa nyumbani atasikiliza.

Kesi ya pili inawagusa zaidi watu wa ushirika. Entr'ouvert ni kampuni ndogo ya Ufaransa inayomilikiwa na wafanyakazi wake, ushirika kamili. Waliandika maktaba ya programu iitwayo Lasso, chini ya GPL toleo la 2, na wakawa wanauza leseni nyingine kwa wasiotaka masharti hayo. Orange, kampuni ileile ambayo sisi tuliijua hapa kupitia Telkom, iliitumia katika mfumo wa tovuti ya huduma za serikali ya Ufaransa bila kuyafuata masharti. Kesi ilifunguliwa mwaka 2011. Ushirika ukashindwa mwaka 2019, ukashindwa tena kwenye rufaa mwaka 2021, ukapanda mpaka mahakama ya kilele, ambayo mwaka 2022 iliibatilisha hukumu, na Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikaiamuru Orange ilipe, miongoni mwa mengine, euro 500,000 za hasara na euro 150,000 za kuvunjiwa heshima kama watunzi. Hesabu mwenyewe: karibu miaka kumi na mitatu. Ushindi ni mtamu, ila jiulize kama una kodi ya nyumba ya miaka kumi na mitatu.

Na kuna kesi ya Vizio, watengenezaji wa televisheni, iliyofunguliwa California mwaka 2021 na Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria. Hiyo ndiyo inayogusa zile karata za sacco. Walalamikaji hawakuja kama waandishi wa msimbo. Walikuja kama watu walionunua televisheni, wakadai msimbo wa Linux na wenzake uliomo ndani kwa hoja kwamba leseni ni mkataba uliokusudiwa kumnufaisha mnunuzi. Vizio walijaribu kuihamishia kesi kwenye mahakama ya shirikisho kama suala la hakimiliki tu. Mwaka 2022 jaji aliirudisha ilikotoka, na mwisho wa 2023 jaji wa jimbo akakataa kuitupilia mbali. Ukinunua ruta leo Luthuli Avenue, kuna uwezekano mkubwa imebeba Linux ndani, na kwenye boksi hutakuta hata kikaratasi kinachokuambia una haki ya kudai msimbo. Sijawahi kumwona mteja wa Luthuli akiuliza. Nami nilishanunua ruta tatu pale, sikuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu kesi ni huu, na najua si uliotaka kuusikia. Acha vita vya leseni kwanza, dai fedha zako. Shilingi 180,000 ni deni la kazi iliyofanyika, na tunayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kisheria kumaliza shauri ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili (ndiyo, mimi ndiye ninayekuambia hivyo). Pale hutajadili GPL ni nini. Utaonesha makubaliano, utaonesha awamu mbili zilizoingia kwenye akaunti, utaonesha kumbukumbu za Git (programu inayotunza historia ya msimbo) zenye tarehe za kila ulichokabidhi, na ujumbe ambao mkurugenzi alikiri kupokea. Anayesema "ulituletea kitu cha bure" atalazimika kueleza kwa nini alilipa awamu mbili za kitu cha bure.

Lile la leseni, ukishalipwa au hata sambamba, liandikie Frappe kwa utulivu, ukieleza ukweli wote pamoja na yale uliyoyafuta wewe. Wao wataamua. Usitumie leseni kama rungu la kudaia deni. Nimeona watu wakifanya hivyo, barua ikaanza na "mlipe la sivyo nitawaripoti", na mara hiyo aliyekuwa na haki akageuka kuonekana mtu wa kutishia.

Swali lako la pili lina uchungu ndani yake, na sitaki kulipita haraka. Mwaka 2003 nilikuwa bado natandaza nyaya za saiba katikati ya jiji, kabla ya kwenda kusoma sheria. Kampuni ya Marekani iitwayo SCO ilikuwa imeishtaki IBM ikidai kwamba Linux imebeba vitu vyake vya Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani zaidi, ikatuma barua za onyo kwa kampuni kama 1,500, kisha ikaanza kuuza "leseni" za kutumia Linux kwa amani, dola 699 kwa seva ya prosesa moja. Bosi wangu wa wakati ule alisoma hilo gazetini akataka tuondoe Linux kwenye mashine zote kabla ya Ijumaa, na tuweke Windows, ambayo kusema kweli hakuwa na nia ya kuilipia. Yaani aliogopa kitu halali akakimbilia wizi! SCO wenyewe walikuwa wamewahi kusambaza Linux chini ya GPL. Mwaka 2007 jaji wa Utah akasema hakimiliki za Unix ni za kampuni nyingine, Novell, na baraza la wazee wa mahakama likathibitisha mwaka 2010. Mabaki ya kesi ya IBM yalikwisha mwaka 2021 kwa suluhu ya dola milioni 14.25, kutoka madai ya mabilioni. Tangu siku ile nimekuwa mgumu wa kutishika na barua za mawakili wa kampuni kubwa, hata nilipoanza kuziandika mwenyewe.

Wizi wa wazi si hatari kubwa siku hizi. Hatari ni mwenyeji kubadilisha leseni wageni wakiwa mezani. Elastic, watengenezaji wa programu ya kutafutia data, walifanya hivyo Januari 2021, wakasema Amazon inauza kazi yao kama huduma na kulitumia jina lao. Amazon ikachukua toleo la mwisho lililokuwa huria ikaanzisha OpenSearch. Agosti 2024 Elastic wakarudi wakaongeza AGPL. HashiCorp waliifunga Terraform, programu yao ya kusimamia seva, kwa mtindo huo Agosti 2023, na kabla ya Septemba kwisha jamii ya watumiaji ilikuwa imechukua nakala ya toleo huria na kuanzisha OpenTofu. Wengi wanaziita kampuni hizi wasaliti. Mimi nasema walitumia haki waliyopewa na wachangiaji wenyewe, waliotia sahihi karatasi ya kuikabidhi kampuni ruhusa ya kubadilisha leseni, bila kuisoma. Linganisha na kiini cha Linux: hakimiliki imetawanyika kwa maelfu ya watu, na hakuna mtu, hata Linus Torvalds aliyeianzisha, anayeweza kuamka asubuhi akaifunga. Kwa hiyo siku utakapotaka kuchangia mradi wa mtu, usiulize kwanza leseni ni ipi. Uliza ni nani ana hakimiliki, na wewe unaombwa kusaini nini.

Na hapa Nairobi kuna sababu ya kutokata tamaa ambayo haitokani na maneno matamu. Ushahidi, programu ya kuripoti matukio kwenye ramani, ilizaliwa hapa kutoka kwenye machungu ya uchaguzi wa 2007, ikatumika duniani kote kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika kwenye vituo vyetu vya afya, imejengwa juu ya programu huria ya OpenMRS. Takwimu za afya za kaunti zinapita kwenye DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo. Waliozijenga wanalipwa mishahara. Kinacholipiwa ni ujuzi wa kuusimika, kuurekebisha na kuamka saa nane usiku seva inapolala. Kampuni yako nayo inalijua hilo, ndiyo maana imeweka kufuli: inaogopa siku sacco zitakapogundua kwamba anayeujua mfumo ni wewe.

Uliniandikia pia kwamba una mradi wako mwingine kwenye GitHub, wa kulinganisha miamala ya M-Pesa na vitabu vya sacco, ulio chini ya MIT, na unataka kuufunga. Matoleo ambayo watu wameshachukua huwezi kuyarudisha, ruhusa ilishatoka. Lakini kama wewe ndiye mwandishi pekee na hukuagizwa na mtu, toleo lijalo unaweza kulitoa chini ya AGPL. Anayetaka kuliuza kama huduma bila kuonesha msimbo atalazimika kuja kwako kununua leseni nyingine, kama walivyofanya wale wa Entr'ouvert. Na sajili kazi hiyo kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Hakimiliki haihitaji usajili ili iwepo, ila cheti chenye tarehe humnyamazisha mtu kama mkurugenzi wako mapema.

Kabla ya yote hayo, fungua ile nakala ya mfumo wa sacco iliyobaki kwenye kompyuta yako, utafute kila faili uliyoifuta kichwa, na urudishe majina ya wenyewe. Kisha ndiyo uanze kuandika barua.